Ukuta wa Migongo

Nesi alifika nyumbani kwao Jumamosi saa nne asubuhi, na maboksi thelathini matupu yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Akafungua mlango wa chumba cha vitabu na kukuta kimepakwa rangi ya waridi.

Alisimama kizingitini. Vitanda viwili vya watoto, kabati jipya, pazia lenye vipepeo. Rangi bado ilikuwa inanuka. Kwenye kuta, pale rafu zilipokuwa zimepigiliwa, matundu yalikuwa yamezibwa kwa saruji nyeupe, lakini ukiangalia vizuri uliyaona bado, yamepangana mistari kwa mistari mpaka juu.

"Wifi," aliita bila kugeuka. "Vitabu viko wapi?"

Wifi yake alikuwa jikoni anachambua mchele. "Karibu ukae kwanza, wifi. Umetoka mbali. Ngoja nikuwekee chai."

"Chai nitakunywa. Vitabu viko wapi?"

"Muulize ndugu yako."

"Ndugu yangu yuko wapi?"

"Karakana." Wifi aliinua sinia, akalishusha tena bila kuchambua kitu. "Mimi nilimwambia akusubiri. Mungu ni shahidi, nilimwambia."

Maboksi yalimponyoka Nesi mkononi. Na ili uelewe kwa nini, lazima ujue vile vitabu vilikuwa vitabu gani.

Baba yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Wino, alifanya kazi miaka thelathini na nne kwenye kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kile kilichapa chochote kilicholetwa: historia za wafalme na za wafanyabiashara wa chumvi, vitabu vikubwa vya uchoraji na uchongaji, vitabu vya ndoa, malezi na maisha ya wafanyakazi, na riwaya, riwaya nyingi. Kila toleo lilikuwa na nakala zake zilizoharibika. Kitabu kimerukwa kurasa kumi na sita, kingine kimekunjwa vibaya, kingine nusu yake imechapwa kichwa chini. Nakala kama hizo zilipelekwa kusagwa. Msimamizi alimruhusu Mzee Wino kuchukua moja moja kabla ya kusagwa, maana alimwona ni mtu asiye na tamaa nyingine.

Mzee alikuja na ile mbovu chini ya kwapa, na nzima akaiazima kwa wiki moja. Kisha akaitibu. Kurasa zilizokosekana aliziandika kwa mkono, kwa wino mweusi, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride, akakata karatasi kwa kipimo na kuibandika mahali pake. Picha zilizokosekana alizichora mwenyewe. Katika kitabu kimoja cha michoro alinakili kwa penseli picha ya mwanamke anayeosha nywele, na hakuwahi kufundishwa kuchora hata siku moja. Alipokufa aliacha vitabu mia nne na zaidi, na duniani hapakuwa na kingine kilichofanana na chochote kati ya hivyo.

Kunakili peke yake kulimuumiza macho, kutazama huku na huku, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumsomea kwa sauti. Mtu huyo alikuwa Nesi. Alianza akiwa na miaka minane. "Soma, mama," baba yake alimwambia, maana alimwita mama. "Taratibu. Na nukta uitamke." Naye akasoma: mfalme akakataa, mkato, akarudi nyumbani, nukta, aya mpya. Alisoma hivyo miaka kumi, mpaka alipoondoka kwenda chuo cha uuguzi. Aliyoyajua kuhusu watu kabla hajawaona watu wenyewe yalitoka humo. Mama yao alikufa mapema, na Nesi mwenyewe alipenda kusema kwamba kile chumba ndicho kilichomnyonyesha.

Baba alipozikwa, Nesi hakuwa na pa kuviweka. Alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Mwaka haujaisha akapewa nyumba ya watumishi yenye chumba cha ziada. Akampigia simu mdogo wake: nakuja kuchukua vitabu vya Baba. Mdogo wake akajibu: "Haya, njoo."

Sasa alikuwa anazunguka nyumba kwa hatua ndefu kuelekea karakana.

Mdogo wake alikuwa seremala, fundi hasa, anayejulikana mpaka mitaa ya mbali. Alimkuta kwenye mashine ya randa, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alipomwona dada yake alizima mashine.

"Dada. Umefika."

"Vitabu viko wapi?"

Fundi alivua miwani ya kazi, akaifuta kwenye shati lililokuwa chafu kuliko miwani yenyewe. Angeweza kudanganya. Hakudanganya. Alinyoosha kidevu kuelekea nyuma ya karakana.

Palikuwa na turubai la bluu limekandamizwa kwa mawe. Nesi alilifunua, na mwanzoni akadhani ni matofali. Kisha akaona karatasi. Kila kitabu kilikuwa kimekatwa mgongo, mkato mmoja ulionyooka, safi kabisa, kutoka juu mpaka chini. Majalada yameachana, kurasa zimelegea, na kila rundo limezungushiwa kamba ya katani ili lisitawanyike. Upande mmoja mvua ilikuwa imepenya, na kurasa zilikuwa zimevimba.

Nesi alifanya kazi wadi ya upasuaji. Alijua mkato wa mtu aliyetetemeka na mkato wa mtu aliyetulia. Huu ulikuwa wa mtu aliyetulia.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na kazi ya hoteli. Mpambaji alitaka ukuta mzima wa vitabu vya zamani. Sasa ule ukuta una kina cha vidole vinne tu. Vitabu vizima visingeingia."

"Visingeingia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukakata."

"Nikakata migongo, nikaibandika kwenye ubao. Vilivyobaki ni hivyo hapo. Vichukue. Maneno yote yamo, sijatupa hata karatasi."

Alilisema kama fundi anayemweleza mteja kwa nini mlango umepunguzwa chini. Hilo ndilo lililompandisha Nesi hasira. Aliokota rundo lililokuwa karibu, akamrushia kwa mikono miwili. Lilimpiga kifuani, kamba ikakatika, kurasa zikamwagika kwenye maranda. Fundi hakusogea.

"Nilikupigia simu! Nikakwambia nakuja!"

"Ulipiga nimeshakata."

"Ukasema haya, njoo!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema! Una mdomo!"

"Mdomo ninao. Wewe ndiye hujawahi kuusikiliza."

"Baba hajamaliza hata mwaka kaburini!" Sauti ya Nesi ilipasuka. Jirani alitokeza kichwa juu ya ukuta, akakirudisha haraka. "Maisha yake yote yale! Wewe umekaa kwenye nyumba yake, unalala kwenye chumba chake, umeshindwa kumtunzia karatasi tu? Karatasi! Hazili, hazinywi, hazikuulizi kitu!"

"Dada, punguza sauti. Watoto wako ndani."

"Wasikie! Wamjue baba yao! Hoteli gani?"

Fundi alimtajia. Nesi aliondoka bila kuokota kitu.

Hoteli ilikuwa mpya, ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata. Milango ya vioo ilikuwa bado na nailoni kwenye vishikio. Ndani palinukia dawa ya kung'arisha sakafu. Na mbele yake, nyuma ya meza ya mapokezi, kutoka sakafuni mpaka darini, ukasimama ukuta.

Ukweli usemwe: ulikuwa unapendeza. Taa ndogo ndogo zilifichwa kwenye kingo, mbao zimepigwa vanishi mpaka zinaonyesha uso, na migongo yote imepangwa kwa rangi, nyekundu zikififia kuwa kahawia, kahawia kuwa kijani, kijani kuwa bluu, mpaka nyeusi kule mwisho, kama majora kwenye duka la vitambaa. Nesi aliona uzuri huo kabla hajauzuia, na ndipo hasira ikampanda upya.

Baba yake alikuwa na mpango wake. Historia rafu za juu. Chini yake sanaa. Kisha vitabu vya jamii. Hadithi na riwaya akaziweka chini kabisa, ili mtoto asihitaji kuomba. Hapa wafanyabiashara wa chumvi walikuwa wamebanwa kati ya kitabu cha talaka na riwaya ya mapenzi, kwa sababu vyote vilikuwa vyekundu. Vingine vilibandikwa kichwa chini. Alimtafuta mjane wa hakimu, yule wa riwaya aliyeficha mafaili ya mahakama kwenye godoro, akampata juu sana, jina lake nusu limefunikwa na taa.

"Samahani, mama," binti wa mapokezi alisema kwa adabu. "Tafadhali usiguse. Ni mapambo."

"Najua ni nini."

Mwanamke mmoja alishuka ngazi, utepe wa kupimia shingoni, miwani kichwani. Alikuwa mpambaji mwenyewe, na alitabasamu kwa moyo mweupe kabisa. "Vimekupendeza, ee? Kila anayeingia anapiga picha hapo. Ni vya kweli hivyo, siyo plastiki. Nilitaka mgeni akiingia tu ajue amefika kwa watu waliosoma."

"Wewe umesoma kipi?"

Mpambaji akacheka. "Dada yangu, muda uko wapi? Hivi ni vya kutazama."

"Na mgeni akitaka kimoja akasome chumbani?"

"Havitoki. Ndiyo raha yake. Haviibiwi, havipotei, unapitisha kitambaa tu."

"Na kilichokuwamo ndani kiko wapi?"

"Ndani?" Mpambaji alishusha miwani kutoka kichwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Fundi alisema ni vitabu vya nyumbani kwao, havina mwenyewe."

"Mwenyewe amefika."

Nesi alifungua mkoba, akatoa mkasi wake wa bandeji, ule wenye ncha bapa, akapita nyuma ya meza ya mapokezi na kuuchomeka chini ya mgongo wa kijani. Gundi ilikuwa ya kazi. Alikandamiza kwa uzito wake wote, mgongo ukatoka na kibanzi cha ubao. Akautia mkobani. Akachomeka chini ya mwingine. Binti wa mapokezi alipiga yowe. Mpambaji alimshika bega, Nesi akalitikisa bega na kuendelea. Alifanya kazi hiyo kama anavyotoa nyuzi kwenye kidonda, haraka, mdomo umefungwa, machozi yanateremka naye hana habari nayo.

"Mlinzi! Mlinzi! Na mwiteni fundi!"

Mlinzi alipomkamata mkono alikuwa ameshatoa migongo kumi na moja. Mlinzi mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, hakupenda kazi aliyopewa, akamshika kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara. "Tulia, mama," alimnong'oneza. "Tulia, usinitie matatani."

Fundi alifika kwa pikipiki, nyusi bado nyeupe. Hakumtazama dada yake. Alitazama ukuta kwanza, lile pengo lenye makovu ya gundi katikati ya kijani.

"Wiki sita, Dada," alisema. "Wiki sita nimefanya huu ukuta."

"Na Baba miaka thelathini na nne!"

"Hii ndiyo kazi kubwa niliyowahi kupata maishani mwangu."

"Ungechonga vya mbao! Wewe si fundi? Ungechonga migongo ya mbao, ukapaka rangi, nani angejua? Huyu?" Alimnyooshea mpambaji mkasi. "Huyu hajafungua kitabu hata kimoja!"

"Ningeweza," Fundi alisema.

"Sasa kwa nini hukufanya?"

"Kwa sababu nilitaka kuvikata."

Mlinzi aliulegeza mkono wa Nesi. Binti wa mapokezi aliacha simu aliyokuwa anapiga.

"Nilitaka," Fundi alisema tena, na sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa inapanda. "Kimoja kimoja. Siku tatu nilikata, mke wangu ananiita kula siendi. Sikuchoka. Mpambaji hakuniambia nikate, mimi ndiye niliyemwambia inawezekana."

"Baba alikukosea nini?"

"Hujui?"

"Sijui! Niambie!"

"Ulipokwenda chuo, nani alimsomea?"

Katika miaka yote hiyo Nesi hakuwahi kujiuliza. "Wewe," alisema.

"Mimi. Nina miaka tisa. Herufi zinanitembea machoni kama sisimizi, mpaka leo zinatembea. Anasema soma, nasoma. Nakosea, naye anaandika lile nililosema. Akija kugundua, ukurasa mzima umeharibika, na wino haufutiki. Unaijua ile rula ya chuma ya kiwandani? Wewe uliijua ni ya kupigia mistari. Mimi naijua kwa hapa." Alionyesha vifundo vya vidole. "Miaka saba. Mpaka nilipokimbilia kwa seremala."

"Sikujua."

"Ulijua!" Kelele yake iligonga vioo. "Ulikuja likizo ukanikuta nasoma. Imeandikwa mahakama kuu, mimi nikasoma makahama kuku. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Na Baba akacheka. Siku ile peke yake ndiyo niliyomwona anacheka mimi nikiwa chumbani mle. Nikasema basi, leo sipigwi. Nikacheka na mimi. Na likizo nzima ukaniita Makahama. Makahama njoo ule, Makahama leta maji. Ukarudi chuoni, ukaniachia jina na rula."

Nesi alikumbuka. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa amesahau. Alikuwa anaihadithia hospitalini kwenye chai, kama kichekesho cha nyumbani, na wauguzi wenzake walikuwa wanaipenda.

"Kafungue vile vitabu," Fundi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Vile alivyoviandika baada yako. Wewe si ndiye msomaji? Kasome."

Akamgeukia mpambaji, akamwambia pengo atalirekebisha kabla ya ufunguzi, na akaanza kuokota vibanzi sakafuni. Nesi alitoka na migongo yake kumi na moja mkobani. Hakuna aliyemzuia.

Mchana wote alikaa nyuma ya karakana kwenye kigoda, anapanga marundo kwenye maboksi. Chai ya wifi ilipoa pembeni, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Kurasa za mkono zilijitambulisha zenyewe, maana karatasi yake ilikuwa nene na imegeuka njano kuliko zile zilizochapwa.

Alianza na zile za zamani, za kwake. Pembeni, kwa herufi ndogo, baba yake alikuwa ameandika tarehe, na mara nyingine neno moja mawili. Mama kasoma vizuri leo. Mama kasoma bila kosa. Kwenye historia ya wafalme: Mama ana homa, lakini kasoma. Nesi aliyajua maneno haya. Alikuwa ameyaona utotoni, akayatembelea mara kwa mara kama mtu anayechungulia akiba yake.

Kisha akafungua cha mwaka aliokwenda chuo. Mistari mitatu imekatwa kwa hasira, na pembeni: Punda kasoma.

Akageuza. Punda tena.

Katika kitabu cha uchongaji: Punda. Ukurasa wa tatu huu. Katika kitabu cha malezi, kwenye sura ya kumtia mtoto moyo, herufi zile zile zilizosimama wima: Punda kasoma, nimeandika mara mbili. Katika riwaya ya mjane wa hakimu, ambayo Nesi aliipenda kuliko zote tangu alipoisoma likizo ile katika nakala nzima ya kuazimwa, neno mahakama lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa juu ya neno lililokwanguliwa kwa wembe, na pembeni kulikuwa na kichwa cha punda, kimechorwa kwa penseli na ule mkono usiofundishwa kuchora. Kilichorwa vizuri. Masikio yalikuwa na manyoya.

Hakujua akae au asimame. Asubuhi alikuwa na mtu wa kumrushia kitu. Sasa mtu mwenyewe amelala chini ya udongo, hasikii, hajibu, na Nesi alijikuta anazungumza naye kwa sauti pale kwenye maranda. "Mtoto wa miaka tisa? Baba, mtoto wa miaka tisa, mama yake kafa? Ukakaa ukachonga penseli, ukachora masikio?" Huyo ndiye aliyemsomesha maneno yote aliyokuwa nayo, na sasa hakuna neno lililotosha kumwambia. Aliukunja ule ukurasa wa punda ndani ya ngumi. Kisha akaukunjua, akaulainisha gotini. Kuutupa kungemsaidia baba yake tu.

Fundi alirudi jua likiwa limeinama. Aliegemea nguzo ya karakana.

"Umeona."

"Nimeona."

"Lile neno la punda nililisoma bila kukosea. Lenyewe halikutembea."

Nesi aliuweka ukurasa ndani ya boksi. "Nilicheka."

"Ulicheka."

"Nilikuwa mtu mzima tayari. Sikupaswa."

"Hukupaswa."

"Nisamehe."

Fundi alikwangua gundi kwenye kucha.

"Lakini vitabu havikukukosea kitu," Nesi alisema, kwa sababu ilikuwa bado inachemka ndani yake, na hakuwa mtu wa kufunika sufuria. "Ungeniambia. Ungenipigia simu ukanitukana. Ungenizuia mlangoni. Vile vilikuwa vyangu pia, na umevikata bila kuniuliza, na sitajifanya si kitu."

"Na mimi sikuwa nimemkosea kitu," Fundi alisema. "Kwa hiyo tumelingana."

"Hatujalingana."

"Basi hatujalingana."

Gari la kukodi lilikuja kubeba maboksi. Dereva aliinua la kwanza kwa kulishika ubavuni, chini likafunguka, na wafanyabiashara wa chumvi wakamwagika uani. Fundi akasonya, akaingia karakana, akatoka na utepe wa gundi. Akapiga magoti na kuziba chini ya maboksi yote thelathini, moja baada ya jingine, utepe mara mbili na msalaba juu yake. Wifi alisimama mlangoni na watoto wake wawili, amewashika mabega, kama wanaoangalia msiba wa jirani.

Hoteli ilifunguliwa wiki iliyofuata. Wifi alimwambia Nesi kwa simu kwamba Fundi alichonga migongo kumi na moja ya mbao, akaipaka kijani, na hakuna mtu aliyejua tofauti.

Nesi alianza kazi ya vitabu mwezi uliofuata, siku zake za mapumziko. Hakufuta neno. Alifungua rundo baada ya rundo, akatafuta kila mahali baba yake alipoandika Punda, akatazama tarehe, akapiga hesabu ya umri, na chini yake akaandika kwa wino: Msomaji alikuwa na miaka tisa. Msomaji alikuwa na miaka kumi. Msomaji alikuwa na miaka kumi na moja, hana mama. Alikandamiza kalamu kiasi kwamba mahali pengine karatasi ilitoboka. Kwenye kichwa cha punda aliandika: Mchoraji alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Muuguzi mwenzake, aliyekuja kuazima pasi, alimkuta sakafuni katikati ya karatasi. "Wewe, unachafua vitabu?"

"Nasahihisha," Nesi alisema, na jinsi alivyolisema, mwenzake alichukua pasi akaondoka.

Marundo aliyoyamaliza aliyapeleka chumba cha wauguzi, kila moja kwenye bahasha kubwa, kwa anayetaka kusoma. Juu ya bahasha hakuandika jina la kitabu wala la mwandishi, kwa hiyo watu walivichukua bila kujua wanachukua nini. Mfagizi wa wadi ya watoto, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikwenda na mjane wa hakimu, akarudi baada ya wiki mbili, uso umemvimba kwa hasira.

"Huyu mzee aliyeandika pembeni," alisema, akiibwaga bahasha mezani. "Ni nani?"

"Baba yangu."

"Pole," mfagizi alisema. "Na huyo mtoto?"

"Yuko hai. Ni fundi mzuri."

"Basi ashukuriwe Mungu. Una kingine?"

Miezi minne ilipita kabla Fundi hajapiga simu mwenyewe. Alipiga Jumapili mchana. Alianza na habari za paa la nyumba, linavuja upande wa jikoni, na habari za mtoto mkubwa ambaye mwalimu wake amesema herufi zinamsumbua.

"Mwambie mwalimu asimpige," Nesi alisema.

"Nimeshamwambia. Nilikwenda mwenyewe shuleni. Nilimwambia vibaya kidogo, wamenipa onyo."

"Vizuri."

"Dada, bado nina hasira."

"Hata mimi. Nina hasira na wewe, na yeye, na mimi mwenyewe."

"Mimi nina hasira na nyinyi wawili tu."

Nesi alicheka bila kupenda, akajizuia katikati, akaogopa amemkumbusha kile kicheko. Lakini Fundi hakukata simu.

"Umeviweka wapi?" aliuliza.

"Vilivyobaki viko kwenye maboksi. Sakafuni."

"Sakafuni? Dada, ile saruji inatoa unyevu, vitaota kuvu vyote! Viinue hata kwa matofali."

"Njoo unitengenezee rafu."

"Sijasema nitakuja."

"Sijasema umesema."

"Pima ukuta," Fundi alisema. "Na kina pia. Usikisie, upime." Kisha simu ikakatika, na Nesi akabaki ameishika, hajui kama Fundi amekata au ni mtandao.